Mbwa Aliyefundishwa Kushusha Pumzi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mti, mtu na mbwa!

Mtu yuko wapi?

— Juu ya mti!

Mbwa yuko wapi?

— Chini ya mti!

Na katikati yao?

— Nyuki!

Ehe, nyuki. Basi kaeni vizuri. Wewe unayetingisha goti, litulize. Wewe unayemfinya mwenzako, mwache. Hadithi hii si ya kucheka sana, na asiyeweza kukaa nayo aende akalale sasa hivi, hatutamsema. Hakuna aliyeondoka? Haya.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, watu na wanyama walipokuwa bado wanajibizana, palikuwa na kijiji kando ya msitu wa miombo. Watu wa kijiji hicho walilima mtama kidogo na kufuga mbuzi wachache, lakini kilichowalisha ni asali. Walichonga mizinga kwa magogo, wakaitundika juu mitini, na msimu ulipofika walipanda na vienge vya majani makavu, wakafukiza moshi, wakarina.

Mrinaji hakwenda msituni bila mbwa. Kwa nini? Mtu aliye juu ya mti, uso wake ndani ya moshi, hana macho ya chini. Nyoka akija hamwoni. Chui akija hamwoni. Mbwa ndiye macho yake.

Lakini mbwa huyo alitakiwa alale kimya, abweke pale tu inapokuja hatari ya kweli. Nyuki hawapendi kelele, nyuki hawapendi kishindo. Mbwa akirukaruka na kubweka ovyo, nyuki hutoka kwa hasira, na mtu aliye juu hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo waliweka desturi. Mbwa aliyeamsha nyuki mpaka mrinaji akaanguka alipelekwa ndani ya msitu, akafungwa kamba kwenye mninga mmoja mkubwa, akaachwa hapo. Kesho yake kamba ilikuwapo, mbwa hakuwapo. Watu hawakuuliza. Fisi wa nchi ile alinenepa. Hakuwa na haja ya kuwinda, maana watu walikuwa wakimwandalia.

Sasa, katika kijiji hicho alikuwapo mwanamke aitwaye Nyamizi. Mume wake aliitwa Mihambo, mrinaji hodari, mwenye sauti kubwa na kifua kipana. Mtoto hawakujaliwa. Walikuwa na mbwa jike, jina lake Yatapita, na Yatapita alikuwa amezaa kitoto kimoja, bado kinanyonya.

Msimu mmoja Mihambo alikwenda kurina mzinga wake mkubwa. Nyamizi alimfuata na vibuyu vya kutilia asali, akasimama mbali kidogo. Mihambo alipofika juu, Yatapita aliruka, akabweka, akaparura shina la mti. Nyuki wakatoka. Mihambo akaanguka, na alipofika chini hakuwa na uhai.

Nyamizi alilia mpaka sauti ikakauka. Na matanga yalikuwa hayajaanuliwa bado, wakuu wa warinaji wakaja kumchukua Yatapita. Walisahau kamba. Nyamizi akaingia ndani, akatoa ya kwake, ile ya kufungia mbuzi, akawapa kwa mkono wake. Hasira ya msiba haina macho.

Yatapita alikwenda nao akitikisa mkia. Alidhani wanakwenda kurina.

Kesho yake wakuu walirudi tena. Aliyewaongoza aliitwa Mzee Kasanda, baba mdogo wa Mihambo, mtu mkali lakini si mbaya. Alikiona kile kitoto kimelala penye jiko lililozimika.

"Na huyu tutampeleka," akasema.

"Huyu amefanya nini, baba?" Nyamizi akauliza.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka, mwanangu."

Nyamizi alikitazama kile kitoto. Usiku wote uliopita kilikuwa kikilia kumtafuta mama yake, naye alikuwa akilia kumtafuta mume wake, na nyumba nzima haikuwa na mwingine wa kulia. Akakiinua, akakiweka kifuani.

"Baba, nipe mpaka msimu ujao. Nitamfunza. Mzinga wa mume wangu nitaurina mwenyewe, na mbwa huyu ndiye atakayelala chini."

Wale wazee wakatazamana. Mwanamke kupanda mti wa mzinga halikuwa jambo la kila siku. Lakini ni nani mwingine angekubali kupanda na mbwa yule akiwa chini?

"Akiamsha nyuki?" Mzee Kasanda akauliza.

"Nikianguka mtanizika. Nisipoanguka mtampeleka mningani, na sitasema neno."

"Unaweka roho yako juu ya mbwa, Nyamizi. Watu watakucheka."

"Tutaona," akasema Nyamizi.

Basi lile likawa ndilo jina la mbwa: Tutaona. Kila jirani aliyepita akauliza, "Mbwa wako huyo anaitwaje?" alijibiwa, "Tutaona." Wengine walikasirika, lakini jina la mbwa halina kesi.

Tutaona akakua. Lo! Mbwa gani yule! Jani likianguka, anaruka. Mbuzi akikohoa, anabweka. Kuku akitaga, yeye ndiye anayetangaza. Kivuli chake mwenyewe alikibwekea jioni moja mpaka jua likazama, kikaondoka, naye akaingia ndani kifua mbele, kama aliyeshinda vita.

Nyamizi akashika kichwa. Mvua zilikuwa zimekwisha, miti ilikuwa inachanua, na miombo ikishachanua, msimu wa asali hauko mbali.

Jioni moja mtu akapiga hodi nje ya ua. Alikuwa Fisi.

"Hodi, mama mwenye nyumba."

"Karibu, lakini kaa hapo hapo."

"Hapa hapa panatosha. Nimesikia una mbwa asiyetulia. Pole sana. Mimi nawajua mbwa. Mbwa ni fimbo, mama. Akibweka, mpige. Akiruka, mpige. Atatulia."

Nyamizi akachukua fimbo. Tutaona alipobweka, alimpiga. Aliporuka, alimpiga. Na kweli, mbwa akalala chini kimya, mbavu zikimpanda na kushuka, macho yakiifuata fimbo inakokwenda. Mwili umelala, moyo unakimbia. Nyamizi alipoweka fimbo kwenda kisimani, Tutaona alizitoa kelele zote alizokuwa amezimeza. Alibweka mpaka akatoka povu.

Fisi, huko vichakani, akalamba midomo.

Siku ya pili akaja Nyani, akakaa juu ya ua na kujikuna.

"Dada Nyamizi, fimbo si kitu. Mbwa ni kamba. Mfunge kwenye nguzo, fupi kabisa, asiweze hata kugeuka. Atazoea. Atatulia."

Nyamizi akachukua kamba, akamfunga mbwa. Tutaona alivuta mpaka shingo ikachubuka. Alitafuna kamba, alitafuna nguzo. Na wakati amefungwa pale, Nyani na ndugu zake wote waliingia shambani, wakavunja mtama wa Nyamizi shina kwa shina, wakala, wakacheka. Nyani hajawahi kumpenda mbwa aliyefunguliwa.

Siku ya tatu akaja ndege wa asali, yule ndege mdogo anayeongoza watu msituni mpaka kwenye nyuki. Watu wa kijiji hicho walimheshimu. Kila waliporina walimwachia kipande cha sega, kwa maana usipomwachia, safari nyingine atakuongoza mpaka kwenye tundu la nyoka.

Ndege akatua juu ya paa.

"Na wewe umekuja kunifunza?" Nyamizi akamuuliza kwa ukali. "Sema upesi. Fisi kasema fimbo, Nyani kasema kamba. Wewe unasema nini?"

"Mimi sina la kukufunza," ndege akasema. "Nina swali tu. Siku ile alipoanguka mumeo nilikuwa kwenye tawi. Wewe ulikuwa chini na vibuyu. Niambie, nani alianza kupiga kelele?"

"Mbwa!"

"Kabla ya mbwa."

Ndege akaruka, akaenda zake.

Nyamizi akabaki amesimama uani. Mwanzoni alitaka kumrushia jiwe. Kisha akakaa chini penye vumbi, maana alikuwa amekumbuka.

Desturi yao warinaji ilikuwa kutoa majigambo kabla ya kupanda. Mwenye mzinga husimama kwenye shina, akapiga kifua, akapiga mti kwa mgongo wa shoka, akajisifu kwa sauti, ili mizimu isidhani mwizi amekuja. Siku ile Mihambo alijigamba kuliko siku zote. "Mimi Mihambo! Mimi nisiyekimbia! Tokeni, nyuki, mnione!" Na kila alipopiga mti, Yatapita alizunguka. Manyoya ya mgongo yalimsimama, akalia kwa ndani, akamtazama bwana wake, akamtazama Nyamizi. Na Nyamizi, kwa kumpenda mumewe, alipiga vigelegele.

Watu wawili aliowapenda walimwambia yule mbwa kwamba kuna vita. Akapigana. Na kwa hilo wakuu wakamfunga mningani kwa kamba ya Nyamizi.

Siku hiyo Nyamizi alilia kilio kingine, kisicho na sauti. Alimfungua Tutaona shingoni. Akaitupa fimbo juu ya dari.

"Nisamehe," akamwambia. "Nisamehe wewe, kwa kuwa mama yako sina namna ya kumwomba."

Tutaona akamtazama. Siku zile mbwa walisema, lakini walisema na mtu waliyemwamini tu, na huyu alikuwa hajasema hata mara moja.

"Mama," akasema, "mimi sipendi kubweka. Lakini ukishika kamba, mkono wako unatetemeka, nasikia shingoni. Ukishika fimbo, pumzi yako inakwenda mbio. Nafikiri, mama anaogopa, basi kuna jambo. Natazama huku, natazama huku. Jambo silioni, nami nabweka ili liondoke."

Mtu mzima ukiambiwa kweli na mbwa wako, utajibu nini?

Nyamizi aliingia ndani, akatoa ngozi ya mbuzi aliyokuwa akikalia Mihambo jioni. Akaitandika karibu na jiko. Akakaa pembeni yake, mikono mapajani, akashusha pumzi. Akashusha tena, taratibu, mpaka mabega yakateremka. Na akaimba kwa sauti ya chini. Nyinyi mnijibu, lakini msipige kelele, mtamwamsha mbwa.

Shusha pumzi, mwanangu.

— Shusha.

Jani likianguka ni jani.

— Shusha.

Upepo ukipita ni upepo.

— Shusha.

Mimi nipo, wewe upo.

— Shusha.

Tutaona alizunguka, akanusa ngozi, akaipanda, akashuka, akaipanda tena. Nyamizi hakumshika, hakumwita. Alingoja. Mwisho mbwa akalala, akaangusha kiuno upande mmoja, akaweka kidevu chini, na pumzi ndefu ikamtoka puani. Hapo hapo Nyamizi akachukua kipande cha ukoko wa ugali, akakiweka kimya kimya katikati ya miguu yake ya mbele.

Ndivyo walivyoanza. Akiinuka, hakupigwa, wala hakupewa kitu. Akilala na kushusha pumzi, ukoko unakuja.

Msidhani ilikuwa rahisi. Siku moja Tutaona alilialia akitaka ukoko, na Nyamizi, kwa uchovu, akampa ili anyamaze. Kesho yake akalialia zaidi, keshokutwa akalialia kutwa nzima. Nyamizi akaelewa: unachokilisha ndicho kinachokua. Hakurudia.

Siku nyingine mbwa alikuwa ametulia kabisa, na Nyamizi mwenyewe akamkumbuka Mihambo anavyoanguka. Hakusema neno, hakusogea. Lakini Tutaona aliinuka, masikio juu. "Kuna nini, mama?" Basi ikabidi Nyamizi ajifunze hilo pia, kuukalisha chini msiba wake. Huo ulikuwa mgumu kuliko mbwa.

Walipoweza ndani, ngozi ikahamia mlangoni. Walipoweza mlangoni, ikahamia uani, kati ya kuku. Kisha katikati ya mbuzi. Kisha kisimani, wanawake wanapotua mitungi na kusengenyana, na hakuna mahali penye vurugu kuliko hapo. Wanawake walicheka, "Nyamizi anamtandikia mbwa kama mkwe!" Yeye akatandika tu, akashusha pumzi, akaimba.

Mwisho walikwenda msituni, chini ya mti usio na mzinga. Nyamizi alipanda tawi la kwanza, akashuka. Akapanda la pili, akashuka. Tutaona alilala juu ya ngozi yake, akitazama pande zote kwa macho tu.

Msimu ukafika.

Asubuhi ile kijiji kizima kilikwenda kwenye mti wa Mihambo, kikasimama mbali. Wengine walikuwa wameleta sanda. Ndiyo, sanda. Walidhani wana huruma.

Nyamizi akatandika ngozi chini ya mti. Tutaona akapanda, akalala, akaangusha kiuno. Nyamizi akafunga kienge, akatia moto, moshi ukaanza kupanda. Akashika shina.

"Ngoja!" akaita Mzee Kasanda. "Hujajigamba. Mti haupandwi kimya, mwanangu. Mizimu itadhani unaiba."

"Baba, mizimu ya mume wangu inaijua sauti yangu hata nikinong'ona."

"Ni desturi!"

"Ni desturi, ndiyo. Leo naomba unisamehe."

Akaweka kiganja juu ya gome, akasema taratibu, "Ni mimi, Nyamizi. Nimekuja kuchukua kidogo." Akapanda.

Alipofika tawi la kwanza, akaja Nyani. Alikuwa hajafurahi tangu mbwa afunguliwe. Alirusha matunda, alirusha vijiti, alitikisa kichaka na kutoa meno. "Mbwa wa ngozini! Mbwa wa ukoko!" Tutaona akamfuata kwa macho. Moyoni akaimba.

Jani likianguka ni jani.

— Shusha.

Akashusha pumzi. Nyani akachoka, akakaa mbali na kunung'unika.

Alipofika tawi la pili, akaja Fisi. Alikuwa na njaa. Tangu Yatapita, hakuna mbwa mwingine aliyeletwa mningani, na miguu yake ilikuwa imesahau kuwinda. Alikuwa na mfupa wenye nyama bado. Akaupitisha mbele ya pua ya mbwa, akauburuta pole pole kuelekea kichakani. "Njoo, kijana. Hatua mbili tu. Nani atajua?" Pua ya Tutaona ilicheza, mate yakamjaa. Lakini alijua kitu kitamu huja kwa aliyelala.

Upepo ukipita ni upepo.

— Shusha.

Akashusha pumzi. Fisi akajificha kichakani na mfupa wake, akangoja.

Alipofika kwenye mzinga, Nyamizi akafungua mfuniko, akafukiza moshi, akaingiza mkono. Sega la kwanza likatoka. La pili likatoka. Akiwa na la tatu mkononi, nyuki mmoja akaingia chini ya kitambaa alichojifunga kichwani, akamuuma kwenye kope la jicho.

Nyamizi akapiga ukelele.

Kienge kikamponyoka, kikaanguka chini karibu kabisa na ngozi, cheche zikaruka. Mzinga wote ukavuma. Nyuki wakatoka, wakamjaa usoni, mikononi, shingoni. Watu wakapiga mayowe. Na Tutaona akainuka. Akasimama kwa miguu minne, manyoya ya mgongo juu, mdomo wazi, vile vile kama mama yake.

Fisi alipoona mbwa amesimama, furaha ilimzidi. Akaruka kutoka kichakani, akacheka kicheko chake kile mnachokijua. "Wa kwangu! Wa kwangu! Leteni kamba!"

Juu ya mti, Nyamizi hakuona kitu. Jicho moja limefumba, la pili limejaa machozi. Lakini alijua. Alijua chini yake mbwa amesimama, kwa sababu moyo wake mwenyewe ulikuwa umesimama. Kila kiungo chake kilitaka kupiga kelele, kutupa mikono, kuruka. Hivyo ndivyo Mihambo alivyoanguka.

Nyamizi akakumbatia tawi. Akafumba na jicho la pili. Na huku nyuki wanatembea juu ya midomo yake, alifunga mdomo, akavuta hewa kwa pua, akaishusha. Ndefu. Ile ya jioni penye jiko. Akashusha tena, mpaka mabega yakateremka.

Mimi nipo, wewe upo.

— Shusha.

Tutaona akaisikia. Kati ya mayowe yote yale, aliisikia pumzi moja. Akasita. Akakunja miguu ya nyuma, akakunja ya mbele, akalala juu ya ngozi kando ya kienge kinachofuka, akaangusha kiuno, akaweka kidevu chini.

Nyuki hutafuta kinachokimbia na kinachopiga kelele. Juu ya mti hapakuwa na kinachokimbia. Chini ya mti hapakuwa na kinachobweka. Lakini alikuwapo mmoja anacheka. Wote wakamgeukia Fisi. Kicheko kikawa kilio. Alikimbia, wakamfuata, wakamkalia nyuma kote, na wapo wasemao ndiyo maana mpaka leo anatembea matako chini kama mtu anayeumwa. Mimi sikuwapo, siwezi kuapa.

Nyamizi akangoja mpaka mvumo ukapungua. Kisha akashuka, tawi kwa tawi, pole pole, uso umevimba, sega la tatu bado mkononi. Alipogusa ardhi, alikaa juu ya ngozi, akaweka mkono juu ya mgongo wa mbwa wake.

Watu wakaja. Wale wenye sanda waliificha. Mzee Kasanda alitangulia.

"Umemfanyaje?" akauliza. "Ulimpa dawa gani?"

"Hapana dawa, baba. Nilijituliza mimi kwanza."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Na ilinichukua muda mrefu." Kisha akasema lile lililokuwa moyoni mwake. "Siku ile, baba, Mihambo alijigamba na mimi nikapiga vigelegele. Yatapita hakuamsha vita. Sisi ndio tuliomwita vitani."

Mzee Kasanda alifungua kinywa ili ajibu. Alitazama shina la mti, pale penye makovu ya mgongo wa shoka, ya Mihambo, na ya baba yake Mihambo, na ya kwake mwenyewe alipokuwa kijana. Kila kovu lilikuwa na kelele zake.

"Basi Yatapita..." akasema. "Na wale wengine kabla yake..." Yule mzee mkali alikaa chini mbele ya watu wote, akafunika uso kwa mikono.

Siku hiyo walimwachia ndege wa asali kipande chake cha sega, kama ilivyo desturi. Kisha Nyamizi akachukua kipande kingine, akaingia ndani ya msitu, na Tutaona akamfuata, na Mzee Kasanda akawafuata wote wawili.

Wakafika kwenye mninga. Kamba ilikuwapo bado, ile ya kufungia mbuzi, imeoza nusu. Tutaona akainusa, fundo kwa fundo. Alimaliza, akairudia tena.

"Mama," akauliza, "alikuwa amelala au amesimama?"

Nyamizi akasema, "Sijui, mwanangu. Sikuwapo. Ningekuwapo, ningemtandikia ngozi."

Akaweka sega chini ya mti. Mzee Kasanda akafungua ile kamba kwa mikono yake, akaizika. Hakuna mbwa aliyepelekwa pale tena. Tutaona akazunguka mara moja, akalala juu ya udongo mtupu, bila ngozi, bila ukoko, bila wimbo, akaangusha kiuno, akaweka kidevu chini. Pumzi ndefu ikamtoka.

Tangu hapo, warinaji wa kijiji kile hupanda kimya. Huweka kiganja juu ya gome, husema jina lao taratibu, huomba kidogo. Na mti wa Mihambo, yale makovu yake yameota gome jipya.

Hadithi hii inatufunza nini? Inatufunza kwamba anayetaka mwenzake atulie, atulie kwanza yeye. Fimbo hunyamazisha mdomo, kamba huzuia miguu, lakini moyo hufuata moyo. Na kabla hujampeleka mtu mningani, awe mbwa, awe mtoto, awe mkeo au jirani yako, jiulize kwanza nani alianza kupiga kelele. Waulize na waliokuwa kwenye tawi.

Hapa naitundika hadithi yangu. Utamu wake chukueni nyinyi, miiba yake niachieni mimi. Sasa nendeni mkalale, na yule wa goti...

Naam, limetulia. Nimeliona.

Shusha pumzi, mwanangu.

— Shusha.